Mzee Akizidi Kelele, Viwili

Nilisoma mpaka darasa la saba, hapo hapo Maneromango, na katika miaka yote hiyo mwalimu aliniambia neno moja tu lililokuja kuwa kweli: kwamba mwandiko wangu ni mzuri, tatizo ni kile ninachoandika. Mimi nikasikia nusu ya kwanza, nikaenda nayo nyumbani. Nimeishi na nusu hiyo miaka hamsini na kitu bila matata, mpaka juzi juzi ilipokaribia kumfukuzisha mwanangu kazi huko Ulaya.

Nchi yenyewe sitaitaja. Bado nawaogopa.

Mwanangu huyo ni Raudha, kitinda mimba wangu. Yuko huko mwaka wa sita, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha, anawavalisha, anawalisha. Mtu akiniuliza binti yako anafanya nini Ulaya, najibu kwamba analipwa kwa kufanya kwa wazee wa wenzetu kile ambacho mie nafanyiwa na kuku wangu wawili. Watu wanacheka. Mie nacheka zaidi yao, maana nimeshazoea kuwa wa kwanza kucheka nikisema jambo linalouma.

Baridi yao ilipoanza, Raudha akapiga simu.

"Mama, mgongo umenikatika. Na mafua hayaishi."

"Kwani huko hakuna maduka ya dawa?"

"Yapo. Ukiingia na mafua wanakwambia kanywe maji, ulale. Na ya kuchua wanayouza haina hata harufu. Unapaka, unakaa unasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Iwashe!"

Nikamwelewa kabisa. Kwetu dawa ya kuchua isiyokutoa machozi ni mafuta ya kupikia.

Akanitajia anavyotaka: vidonge vya maumivu, vidonge vya mafua, vile vyeupe vya kutafuna vya kiungulia, na kopo moja la dawa ya kuchua. Vitu vya kawaida, vinavyouzwa bila cheti cha daktari. Alikwisha kuuliza huko aliko, akaambiwa kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe kinaruhusiwa kuingia kwa posta.

"Lakini mama, kila kitu kibaki kwenye boksi lake. Usitoe dawa kwenye boksi."

"Nimesikia."

"Sitaki unisikie, nataka unielewe."

"Nimekuelewa, bibi mkubwa. Na yule dereva wako hajambo?"

Dereva ni mzee wa chumba cha mwisho pale kazini kwake. Zamani aliendesha treni. Sasa hawezi hata kuendesha kijiko, lakini honi anayo bado, anaipiga kwa mdomo kutwa nzima. Raudha akitoka kwenye zamu yake, kichwa kinamgonga kama ngoma ya mwali. Jina la mzee huyo silijui mpaka leo, ila habari zake nazijua kuliko za majirani zangu.

"Leo kapiga honi tangu asubuhi," Raudha akasema. "Nadhani tulikuwa tunapita stesheni kubwa."

Basi, tarehe ya kliniki yangu ya presha pale hospitali ya Tumbi, Kibaha, ilipofika, nikatoka Maneromango alfajiri, na baada ya daktari kunigombeza kuhusu chumvi nikaenda Maili Moja kwa Eugenia. Eugenia ni mwenye duka la dawa. Amepanga fremu ya mbele ya nyumba ya marehemu dada yangu, na mie nikija Kibaha nalala chumba cha nyuma, kwa hiyo tunaheshimiana: yeye ananiogopa kama mwenye nyumba, mie namwogopa kama mwenye sindano. Ni mtu wa Bukoba, mnyoofu, hana mzaha. Ukimtania anakuangalia kama anakupima joto.

Akanifungia dawa zote, kila moja kwenye boksi lake, akaziweka mezani zikapendeza.

"Usizitoe, mama," akasema.

Naona Raudha alikuwa ameshampigia.

Sasa, mie nilikuwa nimemnunulia Raudha kanga. Hakuomba kanga. Lakini mama gani anapeleka dawa tupu kwa mwanawe, kama mganga? Nikaweka kanga kwenye boksi la posta, nikaweka dawa, boksi likagoma kufunga. Nikakaa nikayatazama yale maboksi ya dawa. Ukiyatikisa, ndani unasikia upepo. Nikafungua moja: karatasi ya maelezo imekunjwa mara kumi na mbili, na vidonge viko kwenye vibati vyao, vimekaa mbalimbali kama matajiri kwenye viti vya mbele. Nikajiambia, hawa wanatusafirishia upepo. Eugenia alikuwa anahudumia wateja. Mezani kwake palikuwa na mafungu ya vile vibahasha vya dawa ambavyo sote tunavijua, vyenye nafasi ya kuandika asubuhi, mchana, jioni. Maisha yangu yote nimepewa dawa kwenye vibahasha hivyo, tangu zahanati ya misheni mpaka leo, na sijafa.

Nikavichukua vitatu. Nikabonyeza vidonge vyote kutoka kwenye vibati vyake, kimoja kimoja, pwa, pwa, pwa, nikavigawa. Kopo la dawa ya kuchua nikaliacha lilivyo kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kulibeba. Maboksi matupu nikayatia mfukoni, yakaja kuniwashia moto wa chai Maneromango siku mbili.

Mpaka hapo nilikuwa nimekosea kosa la mtu wa kawaida. Kosa langu mwenyewe likafuata. Kibahasha kitupu kina mstari wa kuandikia, na mie mstari mtupu siwezi kuuacha.

Kwenye vya kiungulia nikaandika: "Chokaa ya ukuta wa shule. Tafuna."

Kwenye vya mafua: "Sumu. Mafua yakinusa tu yanakufa. Usimwonjeshe jirani."

Kwenye vya maumivu nikafikiri kidogo, maana hivyo ndivyo vilikuwa vya kichwa, na kichwa chanzo chake ni honi. Nikaandika kwa herufi nzuri, za kusimama, zile mwalimu alizozisifu: "Mzee akizidi kelele, viwili. Akiendelea, vinne. Akinyamaza kabisa, njoo nyumbani."

Nilicheka peke yangu mpaka Eugenia akachungulia kuuliza kama presha imepanda.

Posta, binti wa kaunta akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mama, dawa ziko kwenye vifungashio vyake?"

"Zimefungwa," nikasema.

Sikudanganya. Ila mtu mwenye nia njema angejibu kwa maneno mengi zaidi.

Wiki tano zikapita. Nikawa nasubiri Raudha anipigie acheke. Akanipigia, na nilipomsikia tu nikakaa chini.

"Mama, uliandika nini kwenye dawa?"

"Si utani tu. Umefika mzigo?"

"Mzigo umefunguliwa forodhani. Wamekuta vidonge havina jina, havina boksi, vina maandishi. Wameyatafsiri. Mama, wameandika sumu."

"Ya mafua!"

"Na wameandika kwamba nimpe mzee viwili, kisha vinne, mpaka anyamaze. Wakaangalia ninafanya kazi wapi. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka wamalize kuchunguza. Yule mzee wamempima damu, mama. Damu! Kibali changu cha kukaa kimefungamana na hii kazi. Kazi ikienda, na mimi ninaondoka, na faili langu lina neno sumu."

Raudha alisubiri nijitetee, kisha akakata simu, na siwezi kumlaumu.

Siku ya pili yake nikawa Kibaha. Nikamweleza Eugenia yote, nimesimama kama mtoto aliyevunja chungu. Hakunigombeza. Aliuliza tu yale maboksi yako wapi.

"Nimechemshia chai."

Akavuta pumzi ndefu. Halafu akafanya kazi ya mtu mwenye akili: akatoa maboksi mengine ya dawa zile zile kwenye rafu, akayapiga picha mbele na nyuma, akapiga picha vidonge, akaandika barua yenye muhuri wa duka, akamtumia Raudha. Raudha akapeleka. Baada ya siku nne likarudi jibu: vidonge wamevipima, ni vile vile vilivyosemwa, vya dukani, halali. Nikapiga vigelegele pale dukani, mteja akaangusha chenji.

"Bado, mama," Eugenia akasema, anasoma kwenye simu. "Wanasema dawa wameielewa. Sasa wanataka kuelewa maandishi. Wanataka kuongea na aliyeyaandika. Kwa video, Jumanne, na mkalimani."

Kufika Jumanne nilikwisha kupanga kila kitu. Nitasema yaliandikwa na kichaa mmoja wa kule Maneromango.

"Hapo utakuwa hujadanganya, mama," Eugenia akasema, bila kucheka. Sikujua anaweza kutania.

Tukafunga duka saa sita mchana. Akaegemeza simu kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akanikalisha. Kwenye kioo wakatokea watu watatu, kila mmoja kwenye kidirisha chake: mwanamke wa makamo mwenye nywele zilizobanwa nyuma, ndiye ofisa, mwanamume mweusi mwenye shati na tai, ndiye mkalimani, na mwanangu Raudha, amejitanda mtandio, amekonda. Nikaambiwa Raudha haruhusiwi kusema neno, anasikiliza tu.

"Shikamoo, bibi," mkalimani akasema. "Naitwa Silvanus. Kila utakachosema nitakitafsiri kama kilivyo. Ndiyo sheria ya kazi."

"Marahaba, baba. Mbona Kiswahili chako kimenyooka hivyo, kwenu wapi?"

"Tabora, bibi. Urambo."

Mnyamwezi! Ngozi yote ikaniwasha. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anakuja msibani kwako, anajilaza kaburini kabla ya maiti, hatoki mpaka umpe kuku, na wewe hukasiriki. Ndiyo heshima yenyewe. Nilijua kwamba hapa si mahali pake. Kichwa kilijua. Mdomo haukuuliza kichwa.

"Kumbe mtumwa wangu!" nikasema. "Nani kakuruhusu kuvaa tai mbele yangu? Na mizigo yangu umeitua wapi?"

Nikaona midomo ya Silvanus inacheza. Akaikaza. Kisha, sheria ni sheria, akatafsiri yote. Nyusi za ofisa zikapanda mpaka kwenye nywele. Silvanus akaeleza, akaeleza, mikono ikaenda juu na chini, nadhani alifika mpaka kwenye kaburi na kuku. Ofisa akaandika kwa muda mrefu. Nikamkonyeza Eugenia: tumepona, wameujua utani.

"Anauliza," Silvanus akasema, "yule mzee wa chumba cha mwisho, naye ni Mnyamwezi?"

"Hapana."

"Anasema basi utaratibu huo haumhusu. Anaomba tuendelee."

Ofisa akanyanyua kile kibahasha cha vidonge vya maumivu mbele ya kamera, kimetiwa ndani ya mfuko wa plastiki kama jino la maiti. Akataka nisome kwa sauti.

Nikasoma. Mwandiko ulikuwa mzuri bado. Lakini maneno yale niliyoyacheka peke yangu nyuma ya kaunta, nilipoyasoma mbele ya watu wasiocheka, yakawa maneno ya bibi mmoja anayeelekeza namna ya kumuua babu mmoja.

"Viwili ni kipimo cha mtu mzima," ofisa akasema kupitia kwa Silvanus. "Vinne kwa mara moja si kipimo. Kwa nini vinne?"

"Kwa sababu vinne vinachekesha kuliko vitatu."

Eugenia akafumba macho. Silvanus akatafsiri. Ofisa akaandika hilo pia.

"Akinyamaza kabisa. Maana yake?"

"Kwamba amekufa."

"Ulitaka afe?"

"Hapana! Mie simjui. Namwombea apige honi yake mpaka afike stesheni ya mwisho kwa raha zake."

"Basi sielewi," ofisa akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndilo lililonimaliza. "Nisaidie. Mzee akinyamaza, kwa nini binti yako arudi nyumbani?"

Nikafungua mdomo nimpe kichekesho. Nilikuwa navyo viwili tayari. Nikamtazama Raudha kwenye kidirisha chake, ameuma pindo la mtandio kama alivyokuwa anafanya akingoja matokeo ya mtihani, nikaona kwamba nikicheza tena namfukuza mwenyewe kwa mkono wangu.

"Kwa sababu nataka arudi," nikasema.

Silvanus akatafsiri, ofisa akaandika. Nikaona inabidi niendelee.

"Ana miaka sita huko. Akipiga simu namuuliza umekula, baridi ikoje, mzee kapiga honi mara ngapi. Neno rudi sijalisema hata siku moja. Nyumba ninayolala ameezeka yeye, dawa za presha ananunua yeye, nitamwambiaje rudi? Ataona simshukuru. Sasa nikaona nikiliandika kwenye bahasha ya dawa, mwishoni, katikati ya upuuzi wangu, litapita. Akiligundua, nitasema natania. Asipoligundua, basi, nimelisema. Huyo mzee nilimpanda tu, kama treni yake. Mwambie ofisa sikumtaka mzee wake. Nilimtaka mwanangu."

Silvanus alivua miwani, akaifuta kwa ile tai.

"Tafsiri basi, mtani," nikamwambia polepole.

"Natafsiri, bibi."

Alitafsiri kwa sauti ya chini. Ofisa hakuandika. Alimtazama Raudha, na mie nikamtazama Raudha, lakini alikuwa ameinamisha kichwa, tukaona mtandio tu. Kisha vidirisha vikazimika kimoja kimoja, nikabaki natazamana na chupa ya dawa ya kikohozi.

Siku nane sikulala Maneromango wala sikula vizuri. Nilikaa kwa Eugenia nafagia duka lisilo na vumbi. Siku ya tisa simu yake ikaita, akaitazama, akanipa bila kusema kitu.

"Wamenirudisha kazini," Raudha akasema.

Nikaweka ufagio chini.

"Vidonge wameviteketeza, kwa sababu havikuwa kwenye boksi. Kanga wamenipa, na dawa ya kuchua wamenipa kwa sababu ilikuwa kwenye kopo lake. Na nimepewa barua ya onyo. Inasema mama yangu asiandike kitu chochote, juu ya dawa yoyote, milele."

"Wameandika milele?"

"Hiyo nimeongeza mimi."

"Na yule mzee? Damu yake?"

"Walikuta sukari. Sasa amekatazwa biskuti, na amenunia jengo zima kwa sababu yako."

Nikacheka. Nilidhani na yeye atacheka, lakini nikasikia mlango unafungwa kule aliko, kama mtu anayetaka kuwa peke yake.

"Mama, yale uliyosema siku ile."

"Nilisema mengi. Nilikuwa nimebanwa."

"Usianze. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungekuja?"

Akafikiri. Namshukuru kwamba alifikiri.

"Nisingekuja," akasema. "Si wakati ule."

"Basi unaona. Ilikuwa bora nimsingizie mzee."

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Unajua. Sema bila bahasha."

Duka lilikuwa wazi. Eugenia alikuwa kwenye rafu, amenigeuzia mgongo kwa makusudi, na nje ya kaunta palikuwa na mwanamume mwenye kofia ya kiwandani, nadhani wa viwanda vya huko Zegereni, anakohoa kiganjani. Nimesema mambo ya aibu mbele ya watu wengi zaidi ya hao na sikuona haya. Nikageukia ukuta.

"Rudi nyumbani, mwanangu," nikasema, na sauti ikatoka ndogo, kama nimeiazima kwa mtu.

"Nimesikia, mama."

Hakusema anakuja, wala hakusema haji. Tukakaa hivyo na simu masikioni, mie nalia huku na yeye analia kule, mpaka yule mwanamume wa kofia akakohoa kwa nguvu, akamuuliza Eugenia kama hii foleni ni ya dawa au ni ya kulia, maana yeye ana zamu saa nane.